Mpangaji anavuta vepu ndani na mkataba wangu unakataza sigara: nimruhusu, au nimtoe?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu nilikijengea nyumba ya kupangisha Ilazo, hapa Dodoma. Ni sehemu nne chini ya paa moja, kila moja ina chumba, sebule, jiko na choo. Mkataba wangu una sharti moja nisilolichezea: 'Hairuhusiwi kuvuta sigara ndani ya nyumba.' Mwezi wa nne alihamia kijana, mtumishi wa Serikali kule Mtumba, mstaarabu, kalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Jirani yake wa ukutani ana mtoto wa miaka mitano mwenye pumu. Mama wa mtoto amenijia zaidi ya mara moja akilalamika kwamba usiku kunanukia kama pipi za embe, na mtoto anakohoa. Nilipomuuliza kijana alinionyesha kidude kama kalamu nene, akasema: 'Mama, hii siyo sigara, ni vepu. Ni mvuke wa maji tu, haina moshi wala majivu. Na ndiyo iliyoniachisha sigara.' Mwanangu aliyeko Dar ananiambia nimtoe mara moja kwa sababu vitu hivyo vinaua mapafu. Dalali anasema nimwache, rangi haitaharibika na wapangaji wenye mshahara wa uhakika ni wa kutafuta. Je, nimruhusu? Naweza kumtoa kisheria? Na ni kweli huo mvuke unamfikia mtoto ng'ambo ya ukuta?"*

Shikamoo mwalimu.

Nianze na msimamo wangu ili usisome yote haya ukiwa roho juu: usiruhusu vepu ndani ya nyumba hiyo, wala usimtoe kijana. Mwanao ana sehemu ya ukweli, dalali ana sehemu, na hata kijana anayo. Kila mmoja amekuonyesha upande unaomfaa yeye.

Nianze na kauli ya kijana, kwa sababu ndiyo inayosemwa na wengi. "Ni mvuke wa maji tu" si kweli. Ndani ya kile kidude kuna betri, waya mwembamba uliosokotwa, kipande cha pamba na kimiminika. Mtu akivuta, betri inapasha ule waya joto, na kimiminika kilicholowesha pamba kinageuka kuwa wingu. Kimiminika chenyewe kwa sehemu kubwa ni propilini glaikoli na gliserini, pamoja na viungo vya ladha kama hiyo embe anayoinusa jirani, na mara nyingi nikotini. Kwa hiyo wingu lile ni matone madogo mno ya kemikali hizo yakielea hewani. Wataalamu wameyapima na kukuta nikotini, chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kiasi kidogo cha metali kama nikeli na risasi kutoka kwenye ule waya, na waya ukipata joto kupita kiasi, hata kemikali yenye sumu iitwayo formaldehidi. Maji ni sehemu ndogo tu humo.

Lakini kijana hakukosea aliposema siyo sigara. Sigara inaungua. Ncha yake mtu anapovuta hufika nyuzi joto 900 hivi, na kuungua huko ndiko kunakozaa lami, gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni, na zaidi ya kemikali 7,000, ambazo karibu 70 zinajulikana kusababisha saratani. Tena sigara ikishawashwa haipumziki. Ikiwa kidoleni au kwenye kisahani cha majivu inaendelea kutoa moshi, na moshi huo usiopita kwenye mapafu ya mtu ndio unaojaza chumba zaidi. Vepu haiungui. Mvutaji asipoivuta haitoi kitu. Kinachoingia hewani ni kile anachokipuliza tu, na matone yake hukauka haraka, mengi ndani ya sekunde au dakika chache, wakati moshi wa sigara huweza kuelea chumbani kwa muda mrefu.

Kuna utafiti uliofanyika Barcelona, Uhispania, ukachapishwa mwaka 2014, ambao naupenda kwa sababu ulifanyika majumbani na si maabara. Walipima hewa ya nyumba zenye wavuta sigara, nyumba zenye wavuta vepu, na nyumba zisizo na mvutaji. Nikotini katika hewa ya nyumba za vepu ilikuwa chini sana kuliko nyumba za sigara, lakini juu kuliko nyumba zisizo na mvutaji. Tena watu wasiovuta walioishi na wavuta vepu walikutwa na kotinini mwilini, ambayo ni alama kwamba nikotini imeingia kweli. Hapo ndipo ukweli ulipo, mwalimu: madhara kwa walio karibu ni madogo kuliko ya sigara, lakini si sifuri.

Mwanao naye nadhani amesikia habari za Marekani za mwaka 2019. Watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini na 68 wakafariki kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vidude hivi, kwa hesabu iliyofungwa Februari 2020. Ni habari za kweli na za kusikitisha. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kikubwa kilikuwa vimiminika vyenye kiini cha bangi vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E asetati, vingi vikiwa vimenunuliwa vichochoroni. Halikuwa jambo linalompata kila anayevuta, wala halikuwapata majirani wa ukutani. Funzo ninalolichukua mimi ni hili: mtu hawezi kujua kilichomo kwenye chupa kwa kuangalia lebo, na mwenye nyumba hawezi kabisa.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: je, hewa inavuka ukuta?

Tofali lenyewe lililopigwa plasta halipitishi kitu cha maana. Tatizo huwa liko juu. Nyumba nyingi za kupangisha za mstari zinazojengwa hapa kwetu, kuta za kugawa sehemu huishia kwenye linta au kozi chache juu yake, kisha zinafuata kenchi na bati. Kule darini hakuna ukuta tena. Ni uwazi mmoja kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Chini yake kuna dari la jipsamu lenye matundu ya taa, nyufa pembezoni, na pengine tundu la kupandia fundi umeme ambalo halikufunikwa vizuri. Hewa ya chumbani ikipata joto inapanda, inapenya kwenye matundu yale, inachanganyika darini, na inaweza kushuka upande wa pili. Ndiyo maana wapangaji wa nyumba kama hizo husikia hata maongezi ya jirani, na hujua nani kakaanga vitunguu.

Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe bila kipimo. Mwambie fundi apande darini na tochi. Akisimama upande wa kijana na akaona mwanga wake unafika juu ya chumba cha mtoto, umepata jibu. Njia ya pili ni madirisha. Angalia kama dirisha la chumba cha kijana na la chumba cha mtoto yako ukuta mmoja na yamekaribiana. Kijana akipuliza dirishani kwa nia njema ya kutoa wingu nje, huenda analisukuma kwa jirani. Na kumbuka majira haya. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Dodoma ni baridi na mchana ni vumbi, watu wanafunga madirisha, hewa haibadiliki. Harufu ambayo mwezi wa kumi na moja isingesikika, sasa inakaa.

Hata hivyo, harufu kufika si ushahidi kwamba kiasi kikubwa kimefika. Viungo vya ladha vinanusika hata vikiwa kidogo sana. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazima ningesema ni kero zaidi kuliko hatari. Kwa mtoto mwenye pumu hesabu inabadilika, kwa sababu njia zake za hewa zinachokozeka kwa kidogo, na glaikoli pamoja na baadhi ya viungo vya ladha vinajulikana kuwasha njia za hewa. Huwezi kuthibitisha kwamba kikohozi chake cha usiku kinatokana na vepu. Wala kijana hawezi kuthibitisha kwamba hakitokani nayo. Panapokuwa na shaka ya namna hiyo, na upande mmoja ni starehe ya mtu mzima na upande mwingine ni pumzi ya mtoto, mimi nasimama na mtoto.

Lakini tuwe wa haki kwa kijana. Mama wa mtoto anatumia nini kufukuza mbu? Kama anawasha ile dawa ya duara usiku kucha, aijue habari hii: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilionyesha kwamba duara moja likiungua lote linatoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua kinafanya kazi hiyo bila moshi. Vivyo hivyo jiko la mkaa linalowashwa kibarazani na kuingizwa ndani likiwa bado linafuka, na vumbi la barabara isiyo na lami. Ukimnyooshea kidole kijana peke yake huku nyumba nzima inafukiza dawa ya mbu, atakuwa na haki ya kuona ameonewa, na mtoto ataendelea kukohoa.

Kuhusu jengo, dalali amesema karibu kweli. Vepu haileti ule unjano wa lami, haitobolei godoro, na harufu yake haing'ang'anii kwenye jipsamu miaka na miaka. Kinachobaki ni utando mwembamba unaonata, kama ule unaojijenga ukutani juu ya jiko la kukaangia. Kwenye mji wenye vumbi jekundu kama wetu, utando huo unakamata vumbi, na baada ya mwaka utauona kwenye vioo vya madirisha ya aluminiamu, kwenye nyavu za mbu na kwenye feni. Nikotini nayo inatua juu ya kuta na vitambaa. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo huutoa. Muhimu ni kwamba fundi rangi aoshe na kuacha ukuta ukauke kabla ya kupiga mkono wa kwanza. Akipaka rangi ya maji juu ya utando haishiki sawasawa. Kwa hiyo kama hoja pekee ingekuwa rangi, nisingekushauri ugombane na mtu.

Kuna hatari nyingine ambazo dalali hakuzitaja. Moja ni betri. Ni za lithiamu, za aina ileile ya simu, na zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, zikiwa zimeanguka na kupata ufa, au zikiachwa kwenye ekstensheni juu ya kitanda usiku, zinaweza kushika moto wa ghafla. Na moto ukifika kwenye lile dari lisilo na ukuta, unatembea nyumba nzima. Kisha zile za kutumia na kutupa: ndani zina betri pia. Sisi huku takataka nyingi tunazichoma shimoni nyuma ya nyumba. Betri hiyo ikiingia kwenye moto inaweza kulipuka usoni mwa anayechoma, ambaye mara nyingi ni binti wa kazi au mtoto. Hili liseme kwa wapangaji wote, wavute au wasivute.

Nyingine ni chupa ya kimiminika. Ina harufu ya matunda, ina rangi nzuri, na vingine vina nikotini miligramu 20 hadi 50 kwa kila mililita. Mtoto mdogo akinywa hata kidogo anaweza kuumwa vibaya: kutapika, kutokwa jasho, kupauka, kuishiwa nguvu, hata degedege. Ikitokea, msimtapishe. Osheni mdomo na ngozi kwa maji, bebeni chupa yenyewe, mkimbie hospitali hapohapo bila kusubiri dalili. Uani kwako kuna mtoto wa miaka mitano anayecheza. Chupa hiyo isizagae.

Yapo ya kusemwa upande wa kuruhusu, nami sitayaficha. Kijana anasema vepu imemwachisha sigara. Inawezekana kabisa. Uingereza idara za afya zinawaambia wavuta sigara watu wazima kwamba kuhamia vepu kunaweza kuwasaidia kuacha, na mapitio makubwa ya tafiti yamekuta kwamba zenye nikotini huwasaidia baadhi ya watu kuliko vibandiko vya ngozini au bazoka za kutafuna zenye nikotini. Shirika la Afya Duniani lina msimamo mkali zaidi. Mwaka 2023 lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kuzidhibiti, hasa kuwalinda watoto na vijana, na nchi kama India, Singapore, Thailand na Brazil zimezipiga marufuku. Wataalamu hawajafika pamoja. Lakini wewe hukuombwa uamue kama kijana atumie vepu au la. Unaamua ni wapi. Ukimbana kwa hasira akarudia sigara, utakuwa umempoteza yeye na utakuwa umeleta moshi mbaya zaidi uani. Ndiyo maana nasema asivutie ndani, ila apate pa kuvutia.

Ningekuwa na jibu tofauti kidogo kama ingekuwa nyumba ya kujitegemea, ndani ya uzio wake, mpangaji mmoja mtu mzima anayeishi peke yake. Hapo mwenye nyumba anaweza kuruhusu, akaandika kwamba mpangaji ataosha kuta na vioo kabla ya kukabidhi, na akalala usingizi. Nyumba yako ni ya hewa ya pamoja. Hilo ndilo linaloamua.

Tuje kwenye sheria. Wengi wanadhani kuna sheria ya nchi inayokataza moja kwa moja mtu kuvuta nyumbani alikopanga. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inahusu zaidi mauzo, matangazo na uvutaji katika maeneo ya umma. Tena mwaka huohuo mfamasia wa China, Hon Lik, alikuwa ndiyo kwanza anabuni kidude cha namna hii, kwa hiyo haikutungwa ikiwa na vepu akilini. Ndani ya nyumba ya kupanga, kinachotawala ni mkataba wenu. Na mkataba wako, mwalimu, unasema "sigara". Kijana atasema yeye havuti sigara, na mbele ya wasuluhishi hoja hiyo ina miguu, kwa kuwa maneno yenye utata katika mkataba husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Aliyeyaandika ni wewe. Ukimtoa leo kwa kosa hilo, huku ana kodi ya miezi aliyokwisha kulipa, wewe ndiye utakayeonekana umevunja mkataba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa na mwenye nyumba, ilimradi analipa kodi na kutimiza masharti. Kwa hiyo usimkatie umeme, usifungue chumba chake kwa ufunguo wa akiba ukanuse, usibadilishe kitasa. Lakini haki hiyohiyo ya kukaa kwa amani anayo mama wa mtoto, ambaye naye ni mpangaji wako. Hilo ndilo linalokupa nguvu ya kuingilia kati kama mwenye nyumba mwenye wajibu kwa pande zote mbili, si kama mama anayechukia mambo ya vijana.

Ningekuwa wewe ningemwita kijana mchana, si usiku kunaponukia, na tungeongea wawili tu bila jirani. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mwanangu, nimeelewa hii si sigara, na kama imekutoa kwenye sigara nafurahi. Lakini dari letu ni moja, na hapo pembeni kuna mtoto mwenye pumu. Naomba usivutie ndani wala dirishani. Nimekutengea sehemu nje." Wengi wanaokataa, hukataa kwa sababu wameambiwa wanavunja sheria wakati wanajua hawavunji. Akiombwa kwa sababu ya mtoto, kijana mstaarabu kama unavyomweleza ana nafasi kubwa ya kukubali.

Hiyo sehemu ya nje ichague kwa akili. Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, kwa hiyo mpe upande wa magharibi wa kiwanja, mbali na madirisha na kamba za nguo, penye kivuli, kibenchi na kopo la mchanga. Ukimwambia tu "toka nje" atasimama kibarazani mlangoni kwa jirani, na tatizo litakuwa palepale.

Akishakubali, andikeni nyongeza ya mkataba ya nusu ukurasa, msaini wote wawili na shahidi, kila mmoja abaki na nakala. Na kwa wapangaji watakaofuata, badilisha kile kipengele chako. Mimi ningeandika: "Hairuhusiwi kuvuta wala kupuliza moshi au mvuke wa aina yoyote, ikiwemo sigara, shisha na sigara ya kielektroniki, iwe ina nikotini au haina, ndani ya sehemu iliyopangishwa, chooni, kibarazani au dirishani. Sehemu ya kuvutia imetengwa nje. Sharti hili linawahusu pia wageni wa mpangaji, na mpangaji atawajibika kwao." Ile "iwe ina nikotini au haina" usiiache, maana ndiyo mlango atakaopitia mtu mbishi. Usiweke faini kubwa ya kutisha. Andika kwamba mpangaji atagharamia usafi au rangi kwa gharama halisi ya fundi, kisha siku ya kukabidhi funguo pigeni picha za kila chumba mkiwa pamoja. Mpangaji hadaiwi uchakavu wa kawaida, na picha ndizo zitakazotenganisha uchakavu na uharibifu.

Suala la dari nakuomba usiliache. Kupandisha tofali hadi kwenye bati kati ya sehemu na sehemu ni gharama, lakini inaweza kufanywa kidogokidogo kila sehemu inapokuwa wazi, na itakusaidia kwa moto, kwa wezi na kwa kelele kuliko hata kwa vepu. Wakati unajipanga, fundi azibe matundu ya taa na nyufa za pembeni kwa silikoni upande wa chumba cha mtoto. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Itakuwaje akikataa? Kwa muda uliobaki wa kodi yake, endelea na mazungumzo ukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Wengi humalizia hapo. Muda wa kuhuisha mkataba ukikaribia, mpe barua mapema, kwa kipindi cha notisi kilichoandikwa kwenye mkataba wenu, kwamba mkataba mpya una sharti jipya. Asipolitaka, hamhuishi, na hakuna aliyemwonea mwenzake. Kama atakuwa amesaini nyongeza kisha akaivunja, mpe onyo la maandishi lenye tarehe. Hapo ndipo unaweza kwenda Baraza la Kata, ambalo kazi yake siku hizi ni kusuluhisha, na likishindwa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya kufika huko mwone wakili au dawati la msaada wa kisheria akusomee mkataba wako wote, kwa kuwa mimi nimesoma sentensi moja tu. Beba mkataba, nyongeza, nakala za barua na malalamiko ya jirani yakiwa yameandikwa na yana tarehe.

Mkiwa darini au popote mkakuta harufu si ya embe bali ya bangi, hilo ni jambo jingine. Mwenye jengo anayejua na akaruhusu dawa za kulevya zitumike kwake anaweza kuingia matatani mwenyewe. Usimtuhumu mtu kwa hisia, lakini ukiwa na uhakika usinyamaze: mwone mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Na mtoto asisubiri haya yote yaishe. Mwambie mama yake ampeleke kliniki wiki hii, hata kama harufu itakoma leo, kwa sababu pumu inayomwamsha mtoto usiku kwa kikohozi ni pumu ambayo haijadhibitiwa na huenda dawa zake zinahitaji kubadilishwa. Aeleze kwa daktari kila kitu: vepu ya jirani, dawa ya mbu, mkaa, vumbi. Na akimwona anapumua kwa shida hadi nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani, anashindwa kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au pampu ya kuvuta haimpi nafuu, asingoje asubuhi. Ampeleke hospitali ya mkoa au ya Benjamin Mkapa usiku huohuo, yoyote iliyo karibu kwa usafiri atakaoupata, na kama kijana ana gari, basi agonge mlango wake.